Mkwaju, Kisha Ingia

Jumamosi usiku, Tabata Kimanga,
kompyuta iko chini ya kitanda changu
inahema kama mgonjwa wa pumu.
Mwaka wa kumi na tisa huu
imekibeba chumba chetu, alama ya reli, kijiwe:
maandishi meupe juu ya weusi,
hakuna picha, hakuna sauti,
mstari mmoja, kisha mwingine,
kama watoto kwenye foleni ya uji.

Leo tunapiga kura.

Kokubanza ameandika kutoka Mbezi:
tuhame. Vijana hawaji tena.
Ukimwambia kijana andika mkwaju, kisha ingia,
anauliza kama ni ule wa juisi.
Kule kupya unapiga picha kosa lako, unalituma,
mwenzako anakujibu kwa sauti akiwa jikoni,
na ukiamka asubuhi maneno ya jana yote yapo,
yamekusubiri.

Ruhinda akarusha papo hapo:
usiache mbachao kwa msala upitao.
Kokubanza: mbachao umetoboka, kaka.
Ruhinda: kipya kinyemi
na akaishia hapo. Umeme wa Ukonga ulikatika.
Skrini ikaandika kwa upole wake wa siku zote:
Ruhinda ametoka. Muda umekwisha.

Tulicheka. Kisha tukanyamaza,
maana sentensi hiyo tunaijua.
Ndiyo iliyomtoa Salmini mwezi wa Machi,
katikati ya kumweleza mtoto wa chuo
kwa nini programu yake inakula kumbukumbu.
Tukadhani ni LUKU. Tukadhani ni bando.
Siku ya tatu Nyanjige akasikia: Temeke, matanga.
Nikayatafuta maneno yake ya mwisho.
Hayakuwepo. Chumba chetu hakiweki kitu:
aliyekuwepo kasikia, asiyekuwepo basi.

Nusu yangu inasema hiyo ndiyo heshima.
Ugomvi wangu na Tumpale, mwaka ule wa mkataba,
matusi niliyomwandikia saa nane usiku,
hakuna ghala linaloyatunza.
Yalijifia, na wiki iliyofuata akaniazima modemu.
Kule kupya yangekuwa na tarehe, na saa,
na sura yangu pembeni ikitabasamu.
Nusu nyingine inataka mstari mmoja wa Salmini.
Mmoja tu. Hata ule wa
jamani, huu ugali umenilemea.

Niliogopa kuhesabu. Nikahesabu.
Arobaini na moja tuhame, sita tubaki.
Nami nimo kwenye arobaini na moja.
Ruhinda sijamwambia.

Nyanjige hakupiga kura.
Sisi tukirushiana methali
yeye alikuwa anajenga daraja,
kiprogramu cha mistari mia mbili
kinachookota neno huku na kulipeleka kule.
Si daraja la mizigo mikubwa.
Picha ikivuka kuja kwetu inageuka anwani ndefu,
kicheko kinakuwa nukta mbili na mabano,
na sauti hazivuki kabisa, zinabaki ng'ambo
kama gari lisilo na nauli ya pantoni.

Kokubanza akahama na watu wake.
Mimi nikanunua umeme wa elfu kumi,
nikapiga magoti, nikafuta vumbi kwenye feni.

Saa saba na dakika kumi
mtu nisiyemjua, kutoka sijui wapi,
aliandika mkwaju, akaingia:
kuna mtu?

Niliuona mstari wake ukitua,
nikaona daraja likiuokota,
nikausubiri kwenye simu, upande wa pili,
kiduara kikizunguka, kikizunguka,
kikitafuna bando.

Kabla hakijamaliza
nilimjibu kwa kibodi ya zamani, ile isiyo na herufi R
mpaka uibonyeze mara mbili:

tupo. Sema.